Raphael Tuck, Muyahudi aliyeuza karti za siku kuu mwaka muzima

Mwezi wa 12 ukifika, kila mutu wa Masisi na Walikale anajua namna soko inageuka. Rubaya, Ngungu, Ndjingala, Walikale-centre, bamama wanaleta vikwembe vya Noeli, viatu vya watoto, muchele, mafuta. Pale pembeni kuna kijana mumoja amepanga karti za bonane juu ya mufuko: zenye maua, zenye mishumaa, zenye njiwa. Mpaka tarehe 31 watu wanauliza bei. Tarehe 2 ya mwezi wa kwanza hakuna anayeuliza tena. Karti ingali nzuri vilevile, rangi haikutoka, lakini siku yake imepita. Zile zilizobaki zinafungwa ndani ya mufuko, na makuta yaliyozinunua yanafungwa pamoja nazo.

Kila mwenye kuchuruza kitu cha siku kuu anajua ile hasara. Leo tunawaletea maisha ya mutu aliyekufa zamani, ambaye aliitazama ile hasara vizuri na akatafuta njia ya kuizunguka. Jina lake ni Raphael Tuck. Alikuwa Muyahudi, alikuwa mugeni katika inchi aliyofanyia kazi, na alianza na duka dogo tu la picha. Kwa miaka mingi, nyumba nyingi za Wakristo huko Uingereza zilipokea heri za Noeli kwa karti zilizotoka katika kampuni yake.

Raphael Tuck alizaliwa tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 1821, katika muji mudogo wa Koschmin, jimbo la Posen. Wakati ule Posen ilikuwa chini ya ufalme wa Prusia. Leo ni inchi ya Polonia. Mwaka 1848 alimuoa Ernestine Lissner. Walizaa watoto 7, wavulana 4 na wasichana 3, na wote walizaliwa kule Prusia. Tuck hakukuwa muchoraji, lakini alikuwa na jicho la kujua picha gani watu watapenda kutundika nyumbani. Ile njo ilikuwa mali yake ya kwanza.

Kisha vita vikaingia. Mwaka 1864 Prusia ilipigana na Danemark. Mwaka 1866 ikapigana na Austria. Katikati ya hizo vita mbili, mwaka 1865, Tuck alihama na jamaa yake, wakaenda London. Alikuwa na miaka 44. Wasomaji wetu waliotoka Masisi na vitu juu ya kichwa, wakafika Sake ao Goma, wanajua namna ilivyo kuanza upya ukiwa na umri ule na watoto 7. Nyumba inabaki nyuma, majirani wanabaki nyuma, na kule unakofika hata luga si yako.

Huko London jamaa ya Tuck walikaa upande wa Spitalfields. Kwa miaka mingi ilikuwa mitaa ya wageni na maskini: mbele walifika Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, nyuma Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki. Mwezi wa 10 mwaka 1866, Raphael na Ernestine walifungula duka dogo katika Union Street. Waliuza picha na mbao za kuzifungia. Picha nyingi zilitoka Ujerumani, kule walikojua watu na kule kazi ya kuchapa rangi ilikuwa imeendelea kuliko Uingereza. Yaani mukimbizi alitumia kitu alichokuwa nacho kuliko wenyeji: kujua kwao.

Wavulana wake, Herman, Adolph na Gustave, waliingia katika kazi mumoja mumoja. Waliondoka asubui na picha, wakapita duka kwa duka. Inasimuliwa kwamba jioni walihesabu mauzo ya kila mumoja, na yule aliyeuza zaidi njo alichagua yai kubwa wakati wa kula asubui. Ni habari ndogo ya nyumba, lakini inaonyesha vile walivyoishi: yai lilikuwa kitu cha kugombania, na hesabu ilifanywa kila siku, mbele ya wote.

Sasa tuone hiyo karti yenyewe ilitoka wapi. Mwaka 1843, Muingereza mumoja, Henry Cole, hakukuwa na wakati wa kuandikia rafiki zake wote barua za Noeli. Akamuomba muchoraji John Callcott Horsley amuchoree picha moja, akaichapisha mara 1,000. Kila moja iliuzwa shilingi 1. Kwa mutumishi wa kawaida ile ilikuwa bei ya juu sana, na kwa miaka mingi karti zikabaki kitu cha watajiri. Kilichobadilisha mambo ni posta. Tangu mwezi wa 10 mwaka 1870, mutu aliweza kutuma karti ya wazi kwa nusu ya peni tu, nusu ya bei ya barua. Mara moja hata mufua nguo, hata muchimbaji wa makala kule Wales, aliweza kutumia ndugu yake heri.

Jamaa ya Tuck waliliona lile jambo mapema. Mwaka 1871 walitoa karti zao za kwanza za Noeli. Wengine watauliza: Muyahudi na Noeli, wapi na wapi? Noeli si siku kuu yake. Haiko katika dini yake hata kidogo. Lakini Tuck hakuwauzia watu imani. Aliwauzia karatasi nzuri ya kubebea salamu yao wenyewe. Karti zake nyingi zilikuwa na maua, watoto, ndege na theluji, vitu ambavyo Mukristo wa kila kanisa aliweza kupokea bila kinyongo. Aliheshimu siku kuu ya jirani, na yeye akabaki na siku kuu zake.

Hapa inafaa kusema neno juu ya hizo siku kuu zake. Wayahudi wana Mwaka Mupya wao, Rosh Hashanah, ambao unaangukia mwezi wa 9 ao mwanzo wa mwezi wa 10. Haukai tarehe moja juu kalenda yao inafuata mwezi wa mbinguni. Tangu zamani, wakati ule ukikaribia, Wayahudi wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuandikia wenzao barua za kuwatakia mwaka mwema. Karti zilipoenea, ile desturi ikaingia ndani ya karti. Kwetu Congo watu wa dini hiyo si wengi, lakini Lubumbashi, muji wa wachimbaji kama sisi, Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walifika mwanzo wa miaka ya 1900, wakafungula maduka, na sinagogi yao ya mwaka 1930 ingali imesimama. Kampuni ya Tuck nayo ilichapa karti za Mwaka Mupya wa Wayahudi.

Tukiweka dini pembeni na kuangalia biashara, tunaona akili ya hiyo kazi. Karti ya Noeli ina wiki chache tu za kuuzwa. Karti ya Rosh Hashanah inauzwa miezi mitatu mbele ya Noeli. Mwezi wa 2 kuna siku ya Valentine, siku ya wapendanao. Kisha inakuja Pasaka. Na siku ya kuzaliwa haina majira: kila asubui kuna mutu anatimiza mwaka. Kampuni ya Tuck ilichapa karti za hizo zote. Kisha ikaongeza vitabu vya watoto, picha za kukata na kubandika, wanasesere wa karatasi, na michezo ya kuunganisha vipande vya picha. Kwa hiyo siku moja ilipokufa, ingine ilikuwa tayari mulangoni. Ile njo ilikuwa siri ya Tuck, na haikukuwa siri hata kidogo: mutu yeyote aliweza kuiona akisimama mbele ya dirisha la duka mwezi baada ya mwezi.

Lakini kulikuwa na kazi ingine ambayo munnunuzi hakuiona. Nyinyi munaoishi na mawe mutaielewa vizuri. Wakati ule rangi zilichapwa kwa mawe. Jiwe zuri kuliko yote lilitoka Solnhofen, katika Bavaria, inchi ya Ujerumani: jiwe laini la chokaa ambalo wachimbaji walilitoa katika vipande bapa. Muchoraji alichora juu ya jiwe kwa mafuta. Maji na mafuta vinakataana: wino wa mafuta ulishika palipochorwa, maji yakaukataa mahali pengine, na kwa njia hiyo picha ikatoka. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Karti ya rangi 12 ilipita chini ya mawe 12, na kila mara ilipaswa kuangukia palepale. Ikisogea kidogo, musichana kwenye picha anakuwa na mudomo kwenye shavu. Kati ya rangi na rangi, wino ulipaswa kukauka.

Kazi ya namna hiyo haifanyiki mwezi wa 12. Michoro ilichaguliwa mapema, mawe yakatayarishwa, karti zikachapwa, nyingi kule Ujerumani, zikasafirishwa kwa treni na meli. Wauzaji walitembeza sampuli kwa wenye maduka miezi mingi mbele ya Noeli, juu mwenye duka alipaswa kuagiza mbele. Kwa hiyo jamaa ya Tuck walifanya biashara ya Noeli wakati jua linawaka na hakuna mutu anafikiri theluji. Mwenye kusubiri mpaka watu waanze kuimba nyimbo za Noeli alikuwa amekwisha kuchelewa. Na makuta yalitoka mbele: muchoraji alilipwa, muchapaji alilipwa, meli ililipwa, kisha mauzo yakarudi mwisho. Katikati pale njo wengi waliangukia.

Mwaka 1880 Adolph, ambaye alikuwa na akili ya kuvuta macho ya watu, alitangaza shindano kwa wachoraji wa inchi nzima: nani atachora karti nzuri kuliko zote? Tuzo zilikuwa za mamia ya pauni. Michoro ikamiminika kwa maelfu, ikaonyeshwa kwa watu wote katika Dudley Gallery, London, na wachoraji wenye jina njo waliamua. Magazeti yakaandika. Watu waliokuwa wanadharau karti sawa karatasi ya watoto wakaanza kuihesabu kuwa sanaa. Angalieni pia faida ingine: kampuni ilijulikana kila mahali hata mbele ya karti kufika dukani. Ilitengeneza habari katika wakati ambao haukukuwa na habari.

Mwanzo wa miaka ya 1880 muzee Raphael aliwaachia wavulana wake usimamizi. Mwaka 1882 kampuni ilifungula nyumba Paris, na mwaka 1885 New York. Mwaka 1893 malkia Victoria aliipa kampuni cheti cha kuwa wachapaji wa jumba la kifalme. Mutu aliyefika bila kujulikana, miaka 28 nyuma, sasa jina lake lilisimama chini ya alama ya malkia. Ernestine aliona hayo, kisha akafa mwaka 1895.

Bado kulikuwa na kitu kimoja cha mwisho, na pengine kikubwa kuliko vyote. Mwaka 1894 posta ya Uingereza iliruhusu makampuni kuchapa karti zao za posta. Adolph aligombana na wakubwa wa posta miaka mingi juu ya kipimo, kwa sababu karti zilizoruhusiwa zilikuwa ndogo na picha haikukuwa na nafasi. Mwaka 1899 walikubali kipimo kikubwa cha inchi zingine. Karti ya posta haina siku kuu. Unamutumia mama yako picha ya muji, unamwambia umefika salama. Inauzwa mwezi wa 3 sawa na mwezi wa 11. Kampuni iliyoanza na siku moja ya mwaka ikawa na siku zote 365.

Mwaka ule wa 1899, nyumba kubwa ya kampuni, iliyoitwa Raphael House, ilifungulwa Moorfields, katikati ya London. Muzee aliiona ikisimama. Tarehe 16 mwezi wa 3 mwaka 1900 Raphael Tuck alikufa, akiwa na miaka 78. Wavulana waliendelea. Adolph alipewa cheo cha heshima na mufalme mwaka 1910, akafa mwaka 1926, na kazi ikapita kwa wajukuu.

Lakini hakuna mali isiyoweza kuungua. Usiku wa tarehe 29 mwezi wa 12 mwaka 1940, ndege za vita za Wajerumani zilimwaga mabomu ya moto juu ya London. Raphael House ikaungua. Michoro ya asili, vitabu vya hesabu, kumbukumbu za miaka 74, vyote vikawa majivu. Ilikuwa siku 4 tu nyuma ya Noeli. Muzee alikimbia inchi moja wakati wa vita, na vita vikafikia nyumba yake miaka 40 nyuma ya kifo chake, vikitoka kule kule alikotoka.

Kilichobaki ni kile kilichokuwa kimeuzwa. Karti zilikuwa zimekwisha kuenea katika maelfu ya nyumba, ndani ya masanduku, ndani ya Biblia, nyuma ya picha za babu. Leo watu wanazikusanya. Wanazinunua na kuziuza kwa intaneti: karti za Noeli, karti za Mwaka Mupya wa Wayahudi, karti za posta. Na hapa njo kuna kitu cha kushangaza. Yule mwenye kukusanya hangoji mwezi wa 9 ao mwezi wa 12. Ananunua mwezi wa 4, ananunua usiku, akiwa inchi ingine kabisa. Karti ambayo siku yake ilipita zaidi ya miaka 100 inapata bei tena, sababu aliyeinunua hatafuti salamu, anatafuta kumbukumbu.

Tumewaletea habari hii kwa nini, sisi watu wa koltani na kasiterite? Kwa sababu sisi pia tunaishi na kitu kimoja, na bei yake inaamuliwa mbali. Wenye umri wanakumbuka mwaka 2000: koltani ilipanda, watu wakaacha mashamba, wakauza ngombe, wakaingia mashimoni. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wanakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2010, wakati Serikali ilifunga uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Miezi 6. Bisie ikanyamaza. Ndjingala, bamama waliokuwa wanapikia wachimbaji, waliokuwa wanauza bia, sabuni na betri za toshi, wakakuta kwamba nao walikuwa wanachimba, hata kama hawakushika nyundo. Shimo lilipofungwa, sufuria ikafungwa. Nyumba zilizosimama ni zile zilizokuwa na shamba la maharagi, ao mbuzi, ao mashini ya kushona.

Hatutaki kudanganya mutu. Tuck alipata vitu ambavyo sisi hatuna: posta iliyofika kila mulango, barabara, benki, na miaka mingi ya salama katika muji aliokimbilia. Muchuruzi wa Masisi anaweza kupanga hesabu vizuri kuliko Adolph, kisha mvua inakata barabara ya Sake, ao bunduki zinalia, na mali yote inabaki njiani. Akili peke yake haitoshi. Tena tusisahau wale waliochapa karti kule Ujerumani na wale waliotoa mawe Solnhofen: juu ya karti liliandikwa jina la Tuck, la kwao halikuandikwa. Vilevile ndani ya telefoni kuna koltani, lakini jina la Rubaya haliandikwi popote.

Hata hivyo, kuna kitu mutu anaweza kuchukua bila kungoja Serikali. Mama mwenye kuuza vikwembe vya Noeli anaweza kujiuliza, tangu mwezi wa 7, kule kwetu kuna siku gani zingine: ndoa, ubatizo, kutoka kwa kilio, kurudi kwa masomo mwezi wa 9, Idi ya ndugu zetu Waislamu, ambayo nayo inafuata mwezi wa mbinguni na haingoji Noeli. Telefoni ile yenye koltani yetu inaweza kumupelekea picha ya kikwembe munnunuzi wa Goma ao Bukavu katika siku ambayo soko imelala. Na vile vilivyobaki tarehe 2 ya mwezi wa kwanza, kabla ya kuvifunga, avihesabu kwanza. Katika duka la Union Street walihesabu kila jioni. Yai kubwa lilikuwa la yule aliyeuza zaidi, na kesho yake wote wakaondoka tena.